Uwanda wa Punda Kipofu

Kinyozi yule wateja walimwita Vumbi, kwa sababu kila Jumapili alirudi nyumbani amebadilika rangi tangu kope hadi viatu. Wiki nzima alisimama nyuma ya kiti akinyoa watu, mawazo yake yako kwenye pikipiki ya porini, ile ya miguu mirefu na matairi yenye meno. Mkewe alisema ana mke mwenza anayekunywa petroli.

Machimbo walikozoea kuendesha, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, kila mmoja na pikipiki yake, yalipozungushiwa ukuta, walikosa pa kwenda. Jumapili moja asubuhi wakatangatanga mpaka wakafika mahali ukungu ulipolala juu ya uwanda wa majani, mweupe, mzito, kama maziwa kwenye bakuli. Palikuwa na lango la miti lililofungwa kwa kamba. Mbali kidogo, paa la nyumba lilionekana likielea.

"Tukapige hodi," Vumbi alisema.

"Saa hizi? Utaamsha watu bure, shemeji. Tuzunguke kidogo tu, tuondoke."

Vumbi alijua fika kwamba lango lililofungwa kwa kamba ni lango lililofungwa. Ila ukungu ulikuwa umeshamteka. Kamba aliifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Matairi yalizama yakaibuka, majani yakampapasa magoti, mbele hakuona kitu wala nyuma, akawa kama mtu anayeota anaruka na anajua kabisa kwamba anaota. Walitoka wakicheka, wakaifunga kamba kama walivyoikuta.

Jumapili iliyofuata shemeji alilala na mafua, Vumbi akarudi peke yake. Jua la wiki nzima lilikuwa limeikausha ardhi, lakini ukungu ulikuwa umeshuka tena. Hakufika mbali. Masikio mawili marefu yalichomoza mbele yake, akakanyaga breki na kuzima injini.

Alikuwa punda wa kijivu. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, damu imeganda. Macho yake yalikuwa meupe kama ukungu wenyewe. Alinyoosha shingo, akainusa taa ya pikipiki polepole, akapumua juu yake mpaka kioo kikafifia.

Mama mmoja mzee alitokea, kamba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyeniharibia uwanda?"

Vumbi akatazama chini. Alama za matairi zilikatana kila upande, kina kirefu, zimekauka ngumu kama tofali.

"Haoni," mama alisema. "Alivuta mkokoteni wangu wa mikate mpaka macho yakamwishia, nikamwambia basi, pumzika. Uwanda huu anaujua kwa kwato. Pa kunywa, pa kulala, pa kujikuna. Wiki hii ameanguka, akainuka, akaanguka tena. Sasa anaogopa hata kunyanyua mguu."

"Nisamehe, mama. Nilidhani hakuna..."

"Mlango wangu ule pale. Ungegonga, ningekwambia."

Vumbi aliisukuma pikipiki kwa mkono hadi nje ya lango, uso umemshuka.

Kesho yake, baada ya kufunga saluni, alirudi na koleo na ndoo, akimburuta shemeji.

"Yote haya kwa ajili ya punda?" shemeji alinung'unika. Kisha akamwona yule mnyama amesimama kama sanamu katikati ya majani, akaliomba koleo.

Jioni baada ya jioni walimwaga maji, wakavunja kingo, wakasawazisha udongo kwa nyayo. Mwanzoni mama aliwapita kama hawapo. Baadaye akawaletea chai. Na siku moja akamleta punda, kamba imelegea mkononi.

Punda alinyanyua ukwato. Ukabaki hewani. Akaushusha. Akanyanyua mwingine. Kisha akaenda zake, polepole, kichwa kikiyumba, kama anayekumbuka wimbo.

Hapo ndipo Vumbi alipopiga moyo konde. "Mama, naomba ruhusa ya kuendesha huku siku mojamoja."

"Hapana."

"Sawa, mama."

Alikuwa ameshainama kuokota ndoo. Mama akamgusa bega.

"Humu hapana, hata nikifa. Ng'ambo ya kijito kuna mteremko wa changarawe, nao ni wangu. Punda havuki maji. Mvua ikinyesha msije. Na kabla ya yote, hodi kwangu."

"Na ukitukatalia siku hiyo?" shemeji aliuliza.

"Mtarudi kwenu mkalale."

Ikawa hivyo. Asubuhi nyingine waliambiwa hapana, wakanywa chai, wakarudi. Asubuhi nyingine waliambiwa haya, wakasukuma pikipiki pembezoni mwa uwanda, injini zimezimwa. Juu ya mteremko Vumbi aliketi, ufunguo mkononi, akitazama chini. Katika weupe ule masikio mawili yalikuwa yakisafiri kuelekea majini bila kusita. Hakuwasha mpaka yalipofika. Shemeji naye, ajabu ya dunia, alikuwa akisubiri.