Zamu ya Majuto

Alhamisi asubuhi Bilkisi alifungua kibanda chake cha vitenge sokoni Kolwezi akiwa amelewa chakari. Alitundika vitenge ndani nje, akaisalimu nguzo kwa heshima zote, na mteja aliyetaka kitenge cha maua akamkatia pazia la dirisha. Maishani mwake hakuwahi kuonja pombe hata tone. Baba yake mdogo, Kasimu, aliyemlea hadi akawa anamwita tata, yaani baba, na mwenye malori ya kubeba shaba, alipita kumletea chai, akanusa.

"Bilkisi, uko unanuka wiski."

"Ni tour yangu, tata, zamu yangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Satelite amalize fete yake kule Bruxelles."

Kasimu akaongeza sukari kwenye chai, akaenda zake. Breki za lori moja zilikuwa zinamnyima raha.

Mambo yalianza na jino. Dimitri Satelite, mwanamuziki anayeishi Ubelgiji na anayependwa Kolwezi kuliko mvua ya kutuliza vumbi, alitaka kuahirisha onyesho kwa sababu jino lilimuuma. Gaston, mchimbaji wa kobalti na rais wa klabu ya mashabiki, akasema mbele ya wenzake kwamba jino hilo lije kwake. Likaja. Shavu la Gaston likavimba kama andazi, Satelite akaimba hadi asubuhi, na tangu siku hiyo klabu ikawa inapokezana shida zake kwa mtindo wa likelemba, kama kina mama wanavyopokezana mchango wao, kila mtu na zamu yake. Mashabiki wa Fungurume walipewa maumivu ya mgongo. Wa Lubudi walinuna kwamba wamesahaulika, wakatulizwa kwa mafua. Kolwezi, palipokuwa makao makuu, walijibakizia mambo ya heshima: meno, ulevi na kukosa usingizi. Satelite hakuwa akizeeka, na watu walimsifu kwa kujitunza.

Bilkisi hakuwa na ugomvi na ulevi. Zamu yake ya kwanza aliipokea kwa machozi ya furaha. Tatizo lilikuwa Shafii, dereva wa Kasimu. Alimpenda Shafii hadi chakula kilikuwa hakipiti, na Jumapili wazazi wa Shafii walikuwa wanakuja kuposa. Mtu hawezi kukaa mbele ya wakwe akinuka wiski, hata ikiwa ni ya mwanamuziki. Basi akamfuata Gaston machimboni.

"Président, nibadilishie. Nipatie hata jino."

"Jino iko kwa Tania, na hawezi kuachia." Gaston alifikiri huku akifunga gunia la mawe. "Kuko majuto. Ni kitu kidogo, haina harufu. Mi njo niko nayo tangu mwaka jana. Batu habaombaka ile."

"Majuto ya nini?"

"Ya Satelite. Mi siulizaka. Ninalia kidogo, kisha ninaenda kazi."

Wakashikana mikono. Ulevi ukamtoka Bilkisi, ukamwingia Gaston, naye akakaa juu ya gunia akicheka peke yake. Bilkisi alirudi nyumbani kwa miguu iliyonyooka, akamshukuru Mungu.

Jumapili wageni walikuja wamependeza. Shafii alivaa kanzu nyeupe, na ndani yake fulana ya Satelite, ambaye uso wake ulionekana kifuani kila alipopita dirishani. Mama yake, Mama Leila, alisifu wali, akasifu mazulia, akawa anakaribia kumsifu binti. Kasimu akamuuliza Bilkisi kama anaridhia. Bilkisi akafungua mdomo kusema ndiyo, na majuto yakampanda.

"Nimeacha mutoto," akasema. "Ku gare ya Lubudi, na mama yake Simone. Alikuwa ananishika suruali. Nikapanda train, sikuangalia nyuma. Jina yake Tina."

Akalia hadi mtandio ukalowa. Mama Leila alimaliza kutafuna kwanza.

"Ni mutoto ya nani?"

"Ya Satelite," Kasimu akaeleza kwa upole. "Haina zambi ya Bilkisi, mama. Ni tour yake tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Leila akaweka kijiko chini. Binti mlevi angemvumilia, alisema, maana yeye mwenyewe alishaubeba mgongo wa Satelite alipokaa Fungurume. Binti mwenye mtoto angemvumilia pia, mtoto halaumiwi. Lakini binti anayesema Satelite ametelekeza damu yake hataingia nyumbani kwake. Akaanza kutafuta viatu.

"Satelite hawezi kufanya vile," Shafii akasema, na machozi ya kweli yakamlengalenga. "Bilkisi, sema haina yeye, ni mwingine."

"Mi ninasikia humu ndani, Shafii. Ninaona mpaka biatu ya ule mutoto."

"Basi sema ni wako."

Bilkisi akamtazama. Hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoogopa kumkosa mtu huyu, na Mama Leila alikuwa tayari amepata kiatu kimoja.

"Ni wangu," akasema. "Mutoto ni wangu."

Mama Leila akavua kiatu, akarudi kwenye wali. "Ungesema tangu mbele," akamwambia, na posa ikapokelewa. Kasimu aliona aibu, akainama kukusanya punje za wali kwenye zulia.

Kwenye mkutano wa klabu Gaston alitangaza kwamba mama wa mtoto wa Lubudi ameonekana na jina la Satelite ni safi. Gaston, aliyejua vizuri sura ya mtoto yule kwa kuwa alimlilia mwaka mzima, alipiga makofi kuliko wote.

Wiki ya arusi Simone alishuka kwenye lori la Lubudi na msichana mdogo na begi. Alikuwa na mafua makali, na alipenga kamasi kwa uangalifu wa mtu aliyeshika mali ya watu.

"Nimesikia mama ya Tina amepatikana," akasema.

"Simone, we njo ulimuzaa."

"Ninajua. Lakini batu bote banasema ni wewe. Nikikatala, batanipokonya mafua." Akamkumbatia mtoto kwa muda mrefu, akilia, kisha akaomba amwagiwe maji ya kunawa uso, akaondoka peke yake na lori lile lile.

Mwezi ulipoisha Bilkisi alitaka kukabidhi majuto kwa mwingine. Gaston akamweleza, bila ubaya, kwamba haiwezekani: likelemba ni ya mambo ya Satelite, na majuto haya sasa ni ya Bilkisi mwenyewe. Kule Ubelgiji Satelite alikuwa ametoa wimbo wa kuwasifu kina baba, na wakwe walikuwa wamekusanyika sebuleni kuusikiliza.

Tina akaingia katikati ya wimbo, akamvuta Bilkisi mkono.

"Mama Bilkisi, tata yangu ni nani?"

Sebule nzima ikageuka. Shafii akapunguza sauti ya redio, akasubiri jibu.

"Hauna," Bilkisi akasema.

Tina akaitikia, akarudi nje kucheza.