Treni Iliyoziba Jukwaa la Kwanza

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama stesheni kuu, nimeushika mlango wa treni ya jioni usijifunge. Ndani, dirishani, amekaa mume wangu Kibwana na shati lake la kazini. Kibwana tulimzika mwezi wa Shaabani. Sikushangaa. Nilichojali ni mlango tu.

Mkuu wa stesheni akaja. Ni taa nyekundu iliyovaa kofia, yenye adabu zake.

"Shikamoo mama," ikasema. "Stesheni hii uwezo wake ni treni kumi na mbili kwa saa. Tangu Shaabani tunapokea sifuri."

"Marahaba. Kwani mna majukwaa mangapi?"

"Limebaki hili moja. Mengine yalikuja msibani kwako, hayajarudi."

Nageuka, nayaona uani kwangu, yamekaa mkekani yanakunywa kahawa. Maana stesheni sasa ni nyumba yangu. Reli zinapita sebuleni na kutokea jikoni, na nyuma ya treni ya Kibwana zimepanga foleni treni nyingine hadi kwa majirani, zimejaa watu waliotoka kazini. Hakuna anayenitukana, na hilo ndilo linaloniuma.

"Dada," ananiita mama mmoja aliyepakata kapu la mchicha ulionyauka, "pole sana na msiba. Ila wanangu hawajala tangu Shaabani."

Jukwaa likakohoa chini ya miguu yangu. "Kanuni ni treni moja kwa jukwaa moja," likasema. "Sikuitunga mimi."

Ndipo Kibwana akafungua mdomo. "Mama Rukia, niwie radhi, niende."

Kwetu maiti haondoki bila kupewa radhi. Jeneza lilipokuwa linatolewa watu waliulizwa, wote wakaitikia, mimi nikanyamaza. Walidhani kilio kimenikaba koo.

"Nikikuwia utaondoka, Baba Rukia."

"Na usiponiwia sifiki. Nimekaa hapa mpaka miguu imekufa ganzi."

Nikalia sana. Mtu asiyejua kukaa bure hata siku ya Ijumaa, mimi nimemweka dirishani miezi yote hii.

"Nimekuwia radhi," nikamwambia, "duniani na akhera. Na wewe niwie."

"Mimi nilikuwia zamani. Jifunike kanga vizuri, kuna upepo."

Nikauachia mlango. Treni ikapita jikoni polepole, haikugusa hata sufuria. Taa ikageuka kijani, ikavua kofia. Zile nyingine zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, na watu wakashuka wakikimbilia makwao.

Nimeamka kumekucha. Kwenye kiganja cha kulia nina mstari mweusi, unanuka mpira wa mlango wa treni. Nimemwita Rukia auone. Akautazama, kisha akaniletea maji na sabuni.

Maji nimeyaacha hapo hapo. Chai nimeinywa kwa mkono wa kushoto.