Mto Nyuma ya Banda la Udongo

Nyumbani wananiita Pampu, na jina hilo sikuliokota jalalani. Katika kitalu chetu cha miche hakuna anayenishinda kubeba maji. Mawaridi mama, yale tunayoyakata vijiti vya kuoteshea mengine, yako mwisho kabisa wa uwanja. Mwingine akienda huko na ndoo mbili hurudi kakunja uso kama aliyenyimwa urithi. Mimi hurudi napiga mluzi, hata jasho sina.

"Huyu ana mapafu ya farasi," baba huwaambia wateja.

Kiangazi kikiingia wateja huadimika, nasi ndipo tunapokarabati. Safari hii ilikuwa zamu ya neti ya kivuli, iliyochakaa hadi jua likawa linaingia bila hodi, na banda la kuchanganyia udongo, ambalo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanza kuinama kama mlevi. Tukaanza na banda: baba, shangazi na mimi. Tulipong'oa ubao wa mwisho uliooza, chura akaruka, akatua juu ya kandambili ya shangazi.

"Haya! Na ukame huu, chura anatafuta nini hapa?"

Baba akachuchumaa. Nyuma ya banda ndago zilikuwa zimestawi kijani kibichi, na ardhi ukiikanyaga inasema pwacha. Akachota donge la udongo, akaliminya, akalinusa. Akanipa na mimi nikanusa. Shangazi akakataa kunusa.

"Bomba limepasuka tu, kaka."

"Bomba lipi? Hapa halijawahi kupita bomba. Hebu niambie, mawaridi kule mwisho yakoje?"

"Yanakauka. Yamebaki miiba."

"Na Pampu anayamwagilia kila siku!" Baba akasimama, macho yanamng'aa. "Mmeona? Maji ya chini yamehama! Yalikuwa kule, sasa yako huku. Maji ni kama wapangaji, dada yangu. Yakichoka hayaagi."

Jambo lenyewe likanikolea. Chura, ndago, mawaridi: kila kitu kiliingia mahali pake kama ufunguo kwenye kufuli. Nikaanza hata kuuliza maswali. Yalipita njia gani? Yako chini kiasi gani? Mbona hayakuenda kwa jirani?

Halafu nikatazama niliposimama. Ni palepale ambapo kila asubuhi, nikishakata kona ya banda na macho ya watu yakaniacha, humimina ndoo zangu mbili, nikakaa kivulini kidogo, kisha nikarudi napiga mluzi.

Maswali yakaniishia.

"Tutachimba kisima," baba akasema. "Hapa hapa."

"Hapa hapa wapi?" Shangazi alikuwa keshaweka kiganja kwenye shina la mlimau wake, uliosimama hatua chache tu kutoka pale. Aliupanda mimi sijazaliwa. Kila mche wa limau tunaouza umebebeshwa kijiti kilichotoka kwenye mti huo. "Na huu je?"

"Itabidi ung'oke. Maji yakipatikana utapanda mia."

"Hiyo mia nitaizalisha na nini, kaka, na mama yao umeshamng'oa?"

Baba hakusikia. Alikuwa anapima ardhi kwa miguu, midomo inahesabu. Mchimbaji angekuja keshokutwa.

Jioni nikamkuta shangazi anakata vijiti vya mlimau, anavifunga kwenye gunia alilolilowesha, taratibu, kama mtu anayetoa nguo za watoto kwenye nyumba inayoungua. Mwanamke ambaye hukosi kuchekeshwa naye, siku hiyo hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini jina la Pampu nalo lina heshima zake. Nikawaza: kama maji yamehama mara moja, nani atayazuia yasihame tena? Nyuma ya lundo la samadi, karibu na uzio, hakuna kitu ila vyungu vilivyovunjika. Baba akachimbe huko mpaka achoke, hakuna atakayelia.

Kesho yake nikawahi. Ndoo mbili za kwanza niliyapelekea mawaridi, maana yalitia huruma, na ndipo nilipojua kwamba kumbe kule ni mbali kweli. Mabega yaliwaka moto. Zilizofuata nikazimwaga nyuma ya samadi, ndoo juu ya ndoo, hadi ardhi ikaanza kusema pwacha. Nikapandikiza ndago. Nikakumbuka kwamba baba hataamini bila chura, basi nikaenda kumsaka, nikamleta ndani ya kopo la rangi.

Nikaliinamisha kopo. Chura akagoma.

"Toka, bwana," nikamnong'oneza. "Wewe ndiye shahidi wangu."

"Shahidi ni mimi."

Sauti ilitoka juu. Nikainua kichwa. Shangazi alikuwa kwenye ngazi, kisu mkononi, anakata kamba za neti. Upande mzima ulikuwa umeshavuliwa jana alasiri, tulipoliacha banda, nami katika kuhamisha mito nilisahau: kutoka pale juu kitalu chote kilionekana kama kiganja.

"Shikamoo, shangazi. Uko hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu ndoo ya kwanza. Nikawa najiuliza, huu mto wa kaka yangu unapita wapi? Kumbe unavaa kaptura." Akageukia nyumba, akapaza sauti hadi kunguru wakaruka. "Kaka! Wahi uone maji yanavyohama!"

Mlango ukafunguliwa. Hapo ndipo chura naye alipoamua kutoka.