Salamu kwenye Chumba cha Sindano

Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua hospitali, mji wa Morogoro ulipata kliniki za kila aina, lakini kliniki ya macho ya Daktari Hatibu ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho: chumba cha sindano chenye mashine ya kuchuja hewa. Mlango ukifungwa, vumbi lote la mji linabaki nje. Daktari aliionea fahari mashine ile kuliko gari lake. Ndani ya chumba hicho ilikuwa marufuku kuongea, na kitambaa cha mdomoni hakishushwi kwa sababu yoyote, maana tone la mate ya mtu mzima wa afya likiangukia jicho linalochomwa sindano linaweza kulipofusha.

Nesi Winfrida aliijua sheria hiyo kama alivyolijua jina lake. Aliivunja Jumatatu asubuhi, tena kwa ajili ya adabu.

Mgonjwa alikuwa Bibi Magdalena, mkulima wa kabichi kutoka milima ya Mgeta. Kisukari kilikwisha kumharibia jicho la kushoto. La kulia ndilo lililobaki, na ndilo lililokuja kuchomwa. Alikuwa amelala, jicho limeshasafishwa, sindano iko tayari kwenye sinia, na daktari ananawa mikono chumba cha pili. Winfrida alishindwa kumpita mkubwa bila salamu.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona kupitia kitambaa.

Bibi akaguna. "Kwetu mtoto hamsalimii mtu mzima amejifunika mdomo. Kwani mimi maiti?"

Winfrida naye alikuwa mtoto wa milima ile ile, na maneno hayo yalimwingia. Akashusha kitambaa, akamwinamia, akasalimia upya kwa sauti.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitika, ameridhika kabisa.

Kitambaa kikapandishwa. Daktari akaingia, akachoma, akatoka. Kama Winfrida angesema kabla, jicho lingesafishwa upya kwa dakika chache tu na sinia likabadilishwa. Hakusema. Aliona haya, na haya bwana ni kitu kibaya sana hospitalini.

Jumanne alikula bila kujua anakula nini. Jumatano alipiga simu ya Gabrieli, mtoto wa bibi, haikupatikana. Hapo akamfuata daktari na kumwambia yote. Daktari Hatibu hakufoka. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akasema, "Mfuate. Sasa hivi."

Winfrida alipanda lori tupu lililokuwa likienda Mgeta kupakia mboga. Alimkuta bibi ameketi mlangoni kwake, jicho jekundu, limevimba.

"Linauma tangu jana, na naona ukungu," bibi alisema. "Nikajua dawa inafanya kazi."

"Hapana, bibi. Twende."

Walirudi na lori hilo hilo, kabichi zimejaa nyuma, wao mbele kando ya dereva. Kwenye kona za kuteremka Winfrida aliona akinyamaza tena atakuwa mwongo maisha yake yote. Akaeleza kila kitu, huku analia waziwazi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mimi ndiye niliyekulazimisha."

"Wewe hukujua, bibi. Mimi nilijua."

Walipofika kliniki bibi alinyoosha mkono. "Nishike vizuri basi. Ngazi sizioni."

Jioni ile jicho lilichomwa dawa ya kuua vijidudu. Wiki nzima bibi aliona mwanga tu, na Winfrida hakukosa hata siku moja kando ya kitanda chake. Siku ya tisa daktari aliinua vidole.

"Viwili," bibi akasema. "Sasa vitatu. Usinichezee."

Uoni haukurudi wote, lakini uso wa mtu aliutambua akisogea karibu, na miche yake aliiona. Ulipofika wakati wa sindano nyingine, daktari alimtuliza: safari hii angehudumiwa na nesi mwingine, mzoefu, ambaye hajawahi kukosea.

"Simtaki," bibi alisema, akimtafuta Winfrida kwa jicho lake moja. "Nipe huyu. Huyo wako bado hajaogopa."