Boksi Mbili za Vimulimuli

Kaka yangu anafuga wadudu. Chuoni wanamwita mtafiti. Mimi namwita Mabuu tangu siku nilipokuta konokono wa kulisha mabuu yake kwenye friji yangu, wamepangwa pembeni ya maziwa. Nilimfukuza. Miaka sita hakukanyaga kwangu.

Binti yangu ndiye aliyesema haolewi bila mjomba wake kuwepo. Basi nikameza kiburi, nikamwandikia kaka ujumbe: "Harusi Jumamosi. Njoo mapema na vimulimuli boksi mbili, ukumbi uwake." Duka la taa liko jirani na chuo chake. Nilitaka zile taa ndogo za kuwaka na kuzimika.

Jumamosi alifika kwangu saa nne asubuhi, suti imempwaya, boksi mbili kifuani, kicheko hadi gego la mwisho.

"Funga mapazia, dada."

Nikafunga, akafungua. Waya hata mmoja sikuuona. Niliona udongo uliolowa na mabuu meusi yenye mapingili, mikia inatoa mwanga wa kijani. Moja lilikuwa limezamisha kichwa ndani ya gamba la konokono.

"Huyu anamyeyusha kwanza," kaka akasema, kama anasifia mtoto aliyemaliza chakula. "Halafu anamnywa. Wakubwa wenye mabawa wako boksi ya pili."

Konokono alikuwa bado anajikunja. Uji wa kahawia ulimtoka, na lile buu likaufyonza. Harufu ilikuwa ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Nilisikia kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni.

"Nilimaanisha taa, wewe. Taa za dukani. Nani anataka uchafu huu mezani?"

Alifunika boksi ya kwanza, kisha ya pili, taratibu. "Nilidhani safari hii umewataka wangu."

Hapo niliona haya. Nikamnyooshea mkono ili yaishe. Akaushika kwa mikono yake miwili, ya baridi, yenye utelezi, udongo umejaa kwenye kucha. Nilivumilia kidogo tu. Miguu ikanipeleka yenyewe kwenye sinki, nikajisugua kwa sabuni hadi viwiko, nikatema mate, nikajisugua tena.

Nilipogeuka, boksi hazikuwepo. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimejaa rola za nywele.

"Mjomba ameniaga," alisema. "Anasema alikuwa anakuangalia unavyonawa."

Akaanza kuzitoa rola, moja baada ya nyingine, nywele bado hazijakauka.