Wasanii Mbalimbali

…na mtu mzima, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kupoteza, anawezaje kukaa miaka yote hiyo kwenye kituo cha redio akiingiza nyimbo kwenye kompyuta kama mtu anayetupia nguo chafu kapuni, alijiuliza yule binti wa maktaba ya nyimbo, macho kwenye skrini, mgongo kwa Mzee Kinanda, maana ukimgeukia mara moja tu umekwisha, atakunasa na hadithi mpaka chai ipoe na maziwa yagande juu. "Umemaliza, mwanangu?" aliuliza mzee, kiti chake kikilia. "Bado." Bado, na angekuwa amemaliza tangu juzi kama huyu mtangazaji wa nyimbo za zamani, anayestaafu Ijumaa kwa keki na makofi, angejua kitu kimoja tu, kitu ambacho hata mtoto wa shule anaweza kufundishwa, kwamba albamu ya mseto, ile ambayo kila wimbo una mwimbaji wake, ina visanduku viwili vya kujaza, kimoja cha Msanii, anayeimba wimbo huo, na kingine cha Msanii wa Albamu, cha kuishika albamu nzima pamoja, na hicho cha pili yeye alikiacha kitupu, kwenye albamu zote sitini na mbili, basi kompyuta ikazipasua, albamu moja ya nyimbo kumi na nane ikawa vialbamu kumi na nane vya wimbo mmoja mmoja, vimetawanyika kama ndugu waliogombea urithi… na bado wanamwita maktaba inayotembea, maktaba gani, stoo inayotembea labda. Kilichobaki sasa ni kukagua sauti tu, akabofya wimbo wa kwanza kusikiliza kama ni safi, sekunde kumi, zinatosha. "Eh! Huyo ni fundi viatu," alisema mzee nyuma yake, "huyo aliimba mara moja tu maishani, mkewe alikuwa nje ya studio na mtoto mgongoni, ukisikiliza vizuri…" Akabofya wa pili. Nani kamuuliza? Wiki nzima ndiyo hivyo, yeye anabofya, mzee anaropoka, huyu kinyozi, huyu Mama Pacha, huyu alikuwa na kigugumizi ila akiimba kinapotea, huyu alikosana na mpiga gitaa kwa ajili ya shati, shati! Maneno yanamwagika tu kama bomba lililokatika, na yeye amesoma miaka minne kupanga kumbukumbu, si kusikiliza mashati ya watu. Mlangoni mpokea wageni alichungulia, yule anayecheka kabla hajasema, aliyembatiza jina kwa kupenda kwake kubandika lebo, "Dada Lebo, mkurugenzi anauliza, aje kukagua saa tisa ile ile?" Saa tisa ile ile. "Haya, wewe na hiyo kompyuta, tutawachangia harusi," akaenda zake na kicheko chake, kicheko cha mtu asiyejua kwamba kwenye mkoba wa mkurugenzi kuna barua ya kumpa binti ajira ya kudumu, itakayotiwa saini leo kama maktaba imenyooka au isitiwe kabisa. Na imenyooka, si asubuhi aliimaliza kwa pigo moja? Alichagua nyimbo zote za mseto, elfu moja na kitu, akaandika Wasanii Mbalimbali, akabonyeza, na vipande vyote vikarudiana, albamu sitini na mbili zimekaa mstari mmoja kama vyombo vilivyooshwa, hakuna aliyepiga makofi lakini yeye hakuhitaji makofi ya watu wanaohifadhi funguo kwenye kikombe. Akaifungua albamu ya kwanza, ili mkurugenzi aikute wazi. Wimbo wa kwanza, Msanii, Wasanii Mbalimbali. Wa pili, Wasanii Mbalimbali. Wa tatu… akashusha ukurasa, akashusha tena, Mbalimbali, Mbalimbali, mpaka chini, akafungua albamu nyingine, nyingine, na juu kabisa kile kisanduku cha Msanii wa Albamu, kile alichomcheka mzee kwa ajili yake wiki nzima, kitupu, kama kilivyoachwa. Alijaza kisanduku kisicho sahihi, kile cha mwimbaji. Albamu zimekusanyika kwa sababu waimbaji wote sasa ni mtu mmoja. Amewafuta. Tulia, kuna nakala ya akiba… nakala inajiandika yenyewe saa sita mchana, ni yeye aliyeipanga hivyo, aliwahutubia kikaoni, nakala mpya juu ya ya zamani, tusifuge takataka, na sasa ni saa nane na nusu. Basi makasha ya kaseti, zile karatasi zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, majina yote yalikuwa mle… aliziita vumbi lenye herufi, akaamuru zitupwe Jumatatu, na mfagizi alisimama na gunia mkononi, akauliza, dada, una uhakika? akamjibu kwamba uhakika ndiyo kazi yake. Ndiyo kazi yake! Msomi huyo, mtazameni, fundi wa visanduku, mwenye kuona kibanzi kwenye kila jicho la kituo hiki, kwa kidole kimoja amefanya kile ambacho stoo inayotembea haikufanya kwa uzembe wake wote, maana mzee alitawanya albamu, ndiyo, lakini hakumpoteza hata mwimbaji mmoja. Anaweza kunyamaza. Mkurugenzi atatazama mistari, mistari imenyooka, atatia saini, Ijumaa keki italiwa, mzee ataondoka na kiti chake kitaacha kulia, na nani atakayejua kwamba fundi viatu aliwahi kuimba… "…na yule mtoto analia, sekunde ya arobaini," mzee alikuwa bado anasema, peke yake, kwa ukuta, "walitaka kukifuta kile kilio, mimi nikawaambia kiacheni," na ndipo alipomsikia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na akaelewa kwamba hakuwa anaropoka, alikuwa anawataja mmoja mmoja, kwa mpangilio wa albamu, wimbo baada ya wimbo, alikuwa anamkabidhi, na yeye amekaa na kalamu sikioni kama pambo, neno moja hakuandika. Hata shikamoo yake ya leo hakuitoa, alimpita mlangoni kama unavyopitwa mwavuli. "Umemaliza, mwanangu?" Kiti kikalia. Saa ya ukutani bado haijafika tisa. "Bado, baba," alisema, akageuza kiti, akamtazama, miwani ya kusomea juu ya kichwa, ya pili haionekani popote, akavuta daftari, akaurudisha wimbo wa kwanza mwanzo. "Huyu fundi viatu, jina lake kamili?" Mzee akatabasamu hadi kwenye masikio. "Kumbe ulikuwa unanisikiliza!" Angeweza kusema ndiyo, ndiyo ilikuwa nyepesi, ilikuwa tayari ulimini. "Sikuwa nakusikiliza, baba," alisema, na mlio wa gitaa ukaanza.