Maua Kumi na Mawili ya Raisa Lvovna

Usiku wa jana niliota nimemuua jirani yangu kwa maua, tena siku ile ile aliyokuwa anakwenda kupiga kura.

Jirani mwenyewe ni Raisa Lvovna, mshonaji kutoka Tashkenti, miaka sabini na miwili, mlango wake umetazamana na wangu hapa Bruklini. Kwao mtu mzima huitwa kwa jina lake na la baba yake: Raisa binti Lev. Mimi, mzaliwa wa Korogwe, ananiita Zuhura Athumanovna. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Uraia wa Amerika ameungoja miaka kumi na mmoja, na hii ndiyo kura yake ya kwanza.

Basi ndotoni ni asubuhi, nambishia hodi nikiwa na dazeni ya maua ya kumpongeza. Anafungua. Maua yanaanza kujihesabu kwa sauti.

"Kumi, kumi na moja, kumi na mbili," yanasema. "Shufwa. Poleni kwa msiba."

"Zuhura Athumanovna," anasema Raisa bila hasira, "kwetu maiti ndiye hupelekewa maua ya shufwa. Aliye hai hupewa witiri. Umeniua."

"Nisamehe. Dukani wanauza kwa dazeni."

"Ndiyo Amerika." Anavaa koti. "Twende hivyo hivyo. Sikungoja miaka yote hiyo nije nizuiwe na kifo."

Tunafungua kabati la vyombo na kutokea kwenye ukumbi wa shule, katikati ya foleni ya wapiga kura. Mezani kimeketi kibandiko, kile cha kifuani wanachopewa watu huku wakishapiga kura. Kimevaa tai.

"Habari yako?" kinauliza.

Raisa akiulizwa habari huitoa yote: goti, presha, mkwe. Mwaka mzima namwambia ajibu "nzuri" yaishe, naye anasema hawezi kusema uongo.

"Mbaya," anajibu. "Nimekufa."

Kibandiko kinapekua daftari. "Marehemu hapigi kura hapa."

"Kwetu karatasi ilikuwa na jina moja tu. Hata marehemu asingekosea."

Namvuta pembeni. "Raisa Lvovna! Korogwe hata nyumba ikiungua mtu anasema nzuri kwanza. Halafu ndiyo anasema ila."

"Ila?"

"Nzuri, ila nyumba inaungua."

Analionja neno lile kama jemu mpya. Anarudi mezani. "Nzuri," anasema, "ila nimekufa."

"Hilo linarekebishika!" kinasema kibandiko kwa furaha. "Chagua ua moja la kutoa."

Hakuna linalokubali kutolewa. Yanapanda mezani kujinadi. Jekundu linaahidi kushusha kodi ya nyumba. La njano linaapa lifti ya jengo letu itapona. Jeupe halina ahadi, linapiga kelele tu kwamba wenzake wote ni waongo. Mara kuna tarumbeta, kuna fulana za bure, nami nimeshavaa mbili.

Raisa hachezi. "Kumi na mawili," ananong'ona. "Maisha yangu yote nilipewa moja. Nitachaguaje? Nikikosea je?"

Namwonea huruma hadi mkono wangu unakwenda wenyewe kumchagulia. Anauchapa kofi.

"Kura yangu!"

Anayakagua yote polepole, kama anayechagua kitambaa. Kisha analikamata jeupe. "Wewe, toka." Analitia mkononi mwangu. "Shika, usilisikilize."

Papo hapo anapiga chafya. "Goti!" anapiga ukelele. "Goti linauma! Niko hai!" Ukumbi mzima unarukaruka, mimi nalia na kucheka, naye anaingia kwenye kibanda cha kura na witiri yake, kichwa juu. Nakaza ngumi, maana jeupe bado linabishana.

Niliamka ngumi imekaza hivyo hivyo. Ndani yake mlikuwa na petali moja nyeupe. Nikakimbilia jikoni, kwenye jagi la maua niliyomnunulia jana, dazeni kamili. Nikahesabu mara tatu. Kumi na moja.

Mlango ukagongwa. Raisa Lvovna, ndani ya koti lake la sikukuu, tayari kwa safari ya kura.

"Habari yako?" nikauliza, nikijiandaa kwa goti, presha na mkwe.

"Nzuri," akasema, "ila alfajiri nilikuwa nimekufa kidogo."